Kanuni ya Kofia

Siku Hester Lumb alipompigia simu Denzil Ormerod, walikuwa hawajasemezana tangu maziko ya Norris, mumewe Hester. Na hata siku ile ya maziko alimpa mkono kwa sababu tu watu walikuwa wanatazama. Sasa alimwambia kwamba amepata kanda ya sauti ya "Kengele za Thornby", nzima, mwanzo hadi mwisho.

Hester akasikia kiti kikiburutwa upande wa pili, na mtu akikaa kwa kishindo.

"Hester," Denzil alisema, "usinitanie kwa hili."

"Mimi na wewe tulitaniana lini?"

"Umeisikiliza? Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Kwa hiyo ni… Hapana! Usiniambie. Kanuni ni kanuni. Nitakuja kesho, nitakuletea keki ya limau, tutakaa tusikilize…"

"Kwangu usije. Nitaileta mwenyewe kwenye mkutano mkuu. Niweke kwenye ajenda."

"Nikuweke wapi?"

"Kwenye mengineyo," alisema Hester, akakata simu. Wallahi, ilikuwa hasira tupu.

Mengineyo ndipo alipomalizwa Norris. Lakini ili uielewe hasira ya mwanamke huyu, lazima kwanza uwaelewe watu wa Inspekta Mallinder, na kuwaelewa si kazi nyepesi.

Inspekta Mallinder ulikuwa mchezo wa televisheni wa zamani, wa enzi za picha nyeusi na nyeupe, uliopigwa picha hapa hapa Skelbeck, kijiji chetu cha bondeni, penye kondoo wengi kuliko watu. Ukimuuliza asiyeupenda atakwambia ni mchezo wa vizee. Mpelelezi mwenye koti la mvua anaingia nyumba za watu, anapewa chai, anauliza ni nani aliyeitia saa ya ukutani ufunguo mara ya mwisho. Hakuna risasi, hakuna magari ya kufukuzana. Mwishoni anawakusanya wote sebuleni, anavua kofia, na kofia ikishatua mezani jina linatajwa. Muuaji hapigi kelele. Anaomba achukue koti lake, maana nje kuna baridi. Basi, imekwisha hiyo.

Lakini kaa mbele yake ukiwa na jambo lako moyoni. Umefukuzwa kazi bila kuelezwa, mtoto amekukatia simu mwaka wa pili sasa, au mkeo amekufa kwa ugonjwa ambao hata daktari anaukunia kichwa. Mallinder anakuketisha, anakuahidi kwa sauti ile ya chini kwamba kila jambo lina mwenyewe na kila mwenyewe ana sababu yake, na kabla hujaenda kulala umeambiwa nani na umeambiwa kwa nini. Wapi pengine duniani utapata huduma hiyo? Ndiyo maana watu wazima wenye wajukuu walijiundia chama, wakawa wanakutana ukumbi wa kijiji kila mwezi, na sweta zao na biskuti zao, kuyatazama yale yale waliyokwisha kuyatazama mara chungu nzima.

Kipindi kimoja tu hawakuweza kukitazama, nacho kilikuwa cha mwisho. Zamani hizo kanda za televisheni zilikuwa ghali, na waliokuwa nazo walizifuta ili wazitumie tena. "Kengele za Thornby" kikafutwa, juu yake pengine wakarekodi mashindano ya mbwa. Kilirushwa mara moja, jioni ya Jumapili moja, na waliokiona wakiwa wakubwa walikwisha kufa, na waliokiona wakiwa wadogo kila mmoja alikumbuka jina tofauti la muuaji. Huyu alisema muuaji ni daktari, huyu mpiga kinanda wa kanisa, huyu shangazi.

Denzil alikiona nusu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, amekaa kwenye zulia, Mallinder anainua mkono kuvua kofia, na umeme ukakatika. Si umeme wa mtaa; ulikuwa wa nyumba yao, wa ile mita ya kulishwa sarafu. Baba yake akapekua mifuko yote ya makoti akitafuta sarafu, akapekua na nyuma ya makochi. Taa ziliporudi, majina ya waigizaji yalikuwa yanapanda kwenye kioo. Denzil alikuwa akisimulia kisa hicho machozi yakimlengalenga, mtu mzima mwenye kipara, na hakuna aliyemcheka, maana kila mmoja wao alikuwa na umeme wake uliokatika.

Alikutana na Norris Lumb kwenye foleni ya samaki na chipsi. Wakabishana kuhusu Mallinder mpaka samaki wakapoa, na tangu hapo wakawa chanda na pete. Norris ndiye aliyeanzisha chama, akawa mwenyekiti wake. Norris ndiye aliyewatafuta waigizaji wazee wakiwa hai, akawaleta Skelbeck na kuwalaza chumba cha wageni, Hester akiwapikia mayai ya asubuhi. Denzil alikuwa makamu wake. Ndiye pia aliyeleta ile Kanuni ya Kofia: aliyelisikia jina la muuaji hamtajii asiyelisikia, na atakayetaja anafutwa uanachama. Ukiteleza ulimi, mwenzako anakuambia "Kofia!" nawe unafunga mdomo. Tarishi mmoja mzee aliropoka jina la muuaji wa kipindi kimoja kituo cha basi, akafutwa, akalia, hakurudishwa. Denzil hakuwa mtu wa kucheka na kanuni.

Halafu Norris akaugua moyo, akapasuliwa. Akiwa bado amelala hospitali, mkutano mkuu ukaketi, wakapitisha hesabu, wakapitisha tarehe za matembezi, wakafika mengineyo. Hapo Denzil akasimama, akasema kwa masikitiko makubwa kwamba chama kinahitaji mwenyekiti mwenye afya. Akajipendekeza mwenyewe. Wakanyoosha mikono. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya chungwa.

Norris hakuambiwa na mtu. Alipata kadi ya ugua pole yenye picha ya nungunungu, imesainiwa na wote, na chini kabisa: *Nakutakia nafuu ya haraka. Denzil Ormerod, Mwenyekiti.*

Mwenyekiti wa nini, utauliza. Wa watu thelathini na birika la chai. Lakini maji ya kifuu ni bahari kwa chungu, na Norris alizama humo. Hakukasirika, ingekuwa afadhali. Alimuuliza tu Hester. "Kwa nini, Hetty? Angeniambia ningempa." Asubuhi akiletewa dawa, kwa nini. Mchana akitazama ndege bustanini, kwa nini. Kila simu ikilia aliinua kichwa. "Ni Denzil?" Hakuwa Denzil. Alikufa kabla majira hayajageuka, na swali lake akaenda nalo.

Hester hakuwa mtu wa kusamehe. Mchungaji alimpa kijitabu kuhusu msamaha, akakiweka chini ya mguu mfupi wa meza ya jikoni, na meza ikatulia.

Kanda aliipata kwenye sanduku la cherehani la marehemu mkwewe, mama yake Norris, alipokuwa akitafuta vifungo. Juu imeandikwa "Kwaya, Pasaka". Norris alikuwa amemsimulia zamani: alipokuwa kijana alishika kipaza sauti mbele ya televisheni, akarekodi Mallinder juu ya kwaya ya mama yake, na mama alipogundua alisema ameitupa jalalani; jina lenyewe Norris hakuwa tena na hakika nalo. Kumbe mama hakuitupa. Hester akatafuta mashine ya kuichezesha, akaketi jikoni. Wimbo wa Pasaka ukaimbwa kidogo, ukakatika katikati ya aleluya, na muziki wa Mallinder ukaingia. Alisikiliza mpaka jina. Kisha alikaa pale pale mpaka chai ikawa baridi kabisa, akipanga.

Siku ya mkutano mvua ilikuwa ile ya bondeni, isiyonyesha wala kukatika. Ukumbi ulijaa. Walikuja hata watu wa miji ya mbali, na Audrey Pickles, katibu, mwanamke mwenye mifupa mikubwa na moyo mwepesi, alitoa viti vyote vya stoo.

"Hester, mpenzi," Audrey alisema, akimshika kiwiko. "Tumekukosa sana hapa."

"Mlijua ninakoishi."

Audrey akageuka mwekundu mpaka shingoni, akaenda kuangalia birika.

Denzil alikuwa amezeeka. Alikuwa amevaa tai. Aliongoza mkutano kama mtu aketiye juu ya siafu: hesabu zikapita, tarehe zikapita, hakuna aliyeuliza swali. "Mengineyo," alisema.

Hester akasimama, akaweka mashine mezani. "Kanda ni yangu," alisema. "Nitaichezesha leo, mara moja. Baada ya hapo inarudi nyumbani na mimi, na nikifa nitazikwa nayo. Nina sharti moja."

"Lolote," alisema Denzil. "Lolote, Hester."

"Mallinder akishika kofia, nitasimamisha mashine. Mwenyekiti atatoka nje. Halafu nitaendelea. Na wote mliomo humu mna Kanuni ya Kofia. Naomba ipigiwe kura."

Watu walitazama viatu vyao. Hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo lililomuuma Hester zaidi. Mikono ile ile, ya watu wasio wabaya, ilikuwa imenyooshwa siku ya Norris. Leo alitaka kuiona kwa macho yake.

"Huo ni ukatili," alisema Denzil polepole.

"Ni hoja. Iko kwenye mengineyo. Au kwenye mengineyo hatuwezi kumtoa mwenyekiti? Kama haiwezekani, nieleze, nami nitakaa chini. Halafu utatueleza kura ile nyingine ilikuwaje."

Mkuki kwa nguruwe. Denzil angeweza kukataa. Mtu mwingine angekataa, angepiga meza, angeiita hoja upuuzi. Lakini huyu alikuwa ameishi kwa kanuni kama wengine wanavyoishi kwa dini, na Hester alimjua vizuri. Alinyoosha tai yake, akawageukia wanachama wake, na kwa kinywa chake mwenyewe akauliza, "Wanaounga mkono?"

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Audrey. Alikuwa analia, lakini ulikuwa juu. Kisha wa pili, kisha safu nzima ya nyuma. Walitaka kujua. Jamani, walitaka kujua mno! Miaka yote hiyo, na jina liko pale mezani ndani ya boksi. Nani angejinyima?

"Imepita," alisema Denzil.

Kanda ikaanza. Sauti ilikuwa ya mbali na yenye mikwaruzo, na mara moja ukumbi mzima ulisahau ubaya wake. Kengele za kanisa la Thornby zikalia, mtu akaanguka kutoka mnarani, Mallinder akapewa chai. Wazee walifumba macho. Mmoja alimshika mwenzake mkono, na sidhani walikuwa wanafahamiana. Denzil aliketi mstari wa mbele, ameinama, midomo ikisogea, maana nusu hii aliijua kwa moyo, kila neno. Kwa muda mrefu hakuwa mwenyekiti wala adui wa mtu. Alikuwa kwenye zulia.

Na Hester alimwangalia, akaiona hiyo raha usoni pake, na akafurahi kwamba ipo. Alitaka aifikie ikiwa imeiva.

"Naomba mketi nyote," ilisema sauti ya Mallinder. "Haitachukua muda."

Hester akabonyeza. Kanda ikasimama.

Denzil hakuinuka mara moja. Alimtazama Hester, na macho yake yalikuwa yanaomba bila aibu yoyote. Ndipo akajikongoja, akachukua koti lake kwenye msumari, maana nje kulikuwa na baridi, akatoka. Audrey alifunga mlango nyuma yake. Kuta za ukumbi ule ni za mawe, nene kama za jela.

Hester akabonyeza tena. Kofia ikatua mezani, ukasikia kabisa. Mallinder akalitaja jina, na ukumbi ukapumua kwa pamoja kwa mshangao, na mtu nyuma akasema, "Loh!" Usiniulize ni nani. Mimi pia nina Kanuni ya Kofia.

Lakini juu ya sauti ya Mallinder kukasikika sauti nyingine, karibu kabisa na kipaza sauti. Ilikuwa ya kijana, nyembamba, imejaa furaha isiyozuilika. "Aaa! Si nilisema shangazi? Nimekosea! Nimekosea kabisa! Mama, njoo usikie, nimekosea!"

Ukumbi uliangua kicheko. Kisha wakaitambua sauti, mmoja baada ya mwingine, na kicheko kikakatika. Norris alikuwa amerudi ukumbini kwake, na hakuna mkono ulioweza kunyooshwa kumtoa. Hester alisimama wima kati yao, akaacha wamwone analia. Watu husema kisasi hakina ladha. Labda hawakukipika vizuri. Cha kwake kilikuwa kitamu mpaka kwenye meno.

Walipotoka, Denzil alikuwa amesimama chini ya ubao wa matangazo, maji yakimtiririka kwenye kipara. Alikuwa amesikia kicheko kupitia ukutani, si zaidi. Kila aliyepita alimtazama yeye, na kila mmoja akakwepesha macho.

"Audrey," aliita. "Audrey, ni daktari, sivyo? Tikisa kichwa tu."

"Kofia, Denzil," alisema Audrey, akakimbilia gari lake. Na wa nyuma yake, kwa sauti ya kuomba radhi, "Kofia, bwana." Na wa nyuma yake. Walikuwa waaminifu mno, watu wale. Wangemwona anazama na bado wangeheshimu kanuni.

Hester alipita wa mwisho, mashine kifuani, ufunguo wa gari mkononi. Alikuwa ameliandaa neno lake la mwisho kwa majuma mengi, lakini Denzil alimtangulia.

"Alikuwa anauliza kwa nini," alisema. "Norris. Najua alikuwa anauliza. Audrey aliniambia."

Hester akasimama.

"Sababu ipo, Hester. Si kiti. Mnadhani nilitaka kiti." Alijifuta uso kwa kiganja. "Niambie nani, nami nitakuambia kwa nini."

Mvua iliendelea. Hester aligundua kwamba amesogea hatua moja kumwelekea, na hakukumbuka kuinua mguu. Swali lile alikuwa amelala nalo kitanda kimoja. Alikuwa amelilisha, amelipa dawa, amelifumba macho kwa mkono wake. Jibu lake lilikuwa pale, kwenye mdomo wa mtu huyu aliyelowa, na bei yake ni jina moja tu la mtu ambaye hakuwahi kuwepo duniani.

"Ulikuwa na simu," alisema hatimaye. "Wakati wote ule, ulikuwa na simu."

"Niliogopa."

"Aliyetaka kuambiwa ni Norris. Yuko kaburini nyuma ya kanisa. Nenda kamwambie."

"Hester! Hester, tafadhali. Nina miaka sabini. Umeme ulikatika, Hester!"

Aliingia kwenye gari, akaliondoa, na hakumtazama kwenye kioo.

Chini ya mlima mafundi wa barabara walikuwa wameweka taa zao za muda za kuongozea magari na kwenda zao nyumbani, wakaacha shimo. Hester alisimama kwenye nyekundu, barabara tupu mbele yake. Si kiti, alisema. Kama si kiti, ni nini? Je, Norris alimfanyia jambo? Je, alimwambia neno, wakaliweka kati yao, wanaume wawili na ujinga wao? Je, lilimhusu yeye, Hester? Taa ikawaka kijani. Gari lililokuwa nyuma yake lilingoja bila kupiga honi, kama wafanyavyo huku, na taa ikarudi nyekundu. Kugeuza hapo kulikuwa rahisi. Denzil alikuwa bado yuko kule juu kwenye mvua, na asingeondoka, hilo alilijua kama alivyojijua mwenyewe. Alitaka kujua. Alitaka mpaka akashika usukani kwa mikono miwili ili usimgeuke.

Ilipowaka kijani mara ya pili, alikanyaga mafuta, akaenda nyumbani bila kuijua sababu.